Matawi Hayauzwi

Ragnhild Stenvall alimpa mzee Folke neno lake jikoni, mbele ya kikombe cha kahawa chenye vipande vya jibini ndani yake, kama wanywavyo watu wa kaskazini, na kwa miaka kumi na miwili neno hilo halikumlemea hata siku moja. Yapo maneno ya namna hiyo. Unayabeba kama leso mfukoni, unasahau kuwa unayo, mpaka siku unapoingiza mkono na kukuta mfuko mtupu.

Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na mitano. Alikuwa akitunga michezo ya kompyuta pamoja na wenzake wanne, katika vyumba viwili juu ya duka la rangi mjini Luleå. Mchezo wao uliitwa Parokia Saba. Mchezaji alikabidhiwa parokia saba za kaskazini, maskini na zenye baridi, aziongoze kwa miaka mia mbili: akate magogo, ajenge makanisa, aozeshe mabinti wa wakulima, alipe kodi ya mfalme, na akilazimika, apigane vita. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa majira ya baridi. Mito ya mchezo iliganda yote kwa siku moja, sawasawa kama sahani, na Ragnhild, aliyezaliwa hapohapo, alijua kwamba mto hauna tabia hiyo.

Akaenda kwa Folke Niemi. Folke na marehemu Edvin, baba yake Ragnhild, ndio waliokuwa wakipima barafu ya ghuba na kuweka alama za njia ya visiwani, miaka ishirini na minane, kabla manispaa haijaleta mashine.

"Barafu si moja," Folke alimwambia. "Penye mkondo ina uongo. Juu inakuonyesha uso mzuri, chini imeshaliwa. Baba yako hakukufundisha haya?"

"Baba alinifundisha kukaa nyumbani."

"Alijua ulivyo mkaidi."

Basi Folke akamfundisha yeye mwenyewe. Jinsi ya kukata misonobari midogo, mirefu kama mtoto wa miaka saba. Jinsi ya kutoboa barafu kwa mtaimbo wenye makali, kupanda tawi ndani ya tundu, kumwaga maji, na kungoja barafu ilishike kama mkono unavyoshika fimbo. Tawi moja kila hatua arobaini. Ukiona mawili yamesimama karibu karibu, usipite, hapo chini hapana kitu. Ragnhild aliandika yote katika daftari. Alipofunga daftari, Folke akamtazama juu ya miwani.

"Na watu watalipia?"

"Watanunua mchezo, ndiyo. Mara moja tu."

"Mchezo sawa, na wewe lazima ule. Nauliza matawi." Alikoroga kahawa yake, jibini likazunguka. "Mimi na Edvin tuliyaweka hata siku za Jumapili. Anayevuka na theluji inampiga usoni humjui, naye hakujui. Anaona tawi, anapita, anafika kwake. Basi. Usije ukayauza, binti yangu. Matawi hayauzwi."

"Sitayauza, mzee. Nakupa neno langu."

Folke akavuta pumzi fupi kwa midomo iliyobanwa, kama wanavyosema ndiyo watu wa huko wanapoona maneno si lazima.

Mchezo ulipendwa kuliko walivyotarajia. Watu wanane waliweza kuucheza pamoja kutoka popote walipo, kila mmoja na parokia zake, na wengi wao walikuja kuibiana magogo na kuchomeana maghala. Lakini baridi ilipoingia mchezoni lilitokea jambo ambalo Ragnhild hakulipanga. Watu waliokuwa vitani waliwekeana matawi. Sleji za adui, magari ya kuteleza juu ya theluji, zilizobeba nafaka zikavuka salama kwa alama alizoweka mwenzake, na hakuna aliyepata faida yoyote kwa kufanya hivyo. Muuguzi mmoja wa mji wa mbali aliwaandikia barua: "Adui yangu wa miezi miwili ameniwekea alama mpaka mlangoni. Nililia kidogo. Kisha nikamchomea ghala." Ragnhild aliibandika barua hiyo ukutani, ikakaa hapo mpaka karatasi ikawa ya manjano.

Folke mwenyewe alinunua kompyuta alipofikisha miaka sabini na sita. Alicheza kila Alhamisi na Elvy, mama mmoja wa ghorofa ya chini yake aliyekuwa amestaafu kazi ya kusambaza barua. Folke alishika njia na madaraja. Elvy alishika ndoa, na hakuna mtawa wala mjane katika parokia zake aliyeachwa apumzike.

Kisha kampuni kubwa ya Stockholm ikawanunua. Hakuna aliyefanya ubaya siku ile. Wawili kati yao walikuwa na mikopo ya nyumba, Sixten, aliyekuwa mkuu wao, alikuwa na mgongo mbovu na usingizi mbovu zaidi, na kampuni ilikuja na ahadi nzuri. Ikaanza desturi ya nyongeza, yaani vifurushi vya mambo mapya ambavyo mwenye mchezo huvinunua kando. Nyongeza ya kwanza ilileta reli. Waliifanya kwa mwaka mmoja na nusu, na ilikuwa kazi ya heshima. Ya pili pia. Halafu ikaamriwa kila majira yawe na nyongeza yake, liwe lipo la kusema au halipo. Zikaja bendera, zikaja rangi za paa za makanisa, zikaja mavazi ya maharusi. Wachezaji wakanunua huku wakinung'unika. Mmoja aliandika: "Mlituuzia shati, sasa mnatuuzia vifungo."

Sentensi ile ilimkaa Ragnhild rohoni kwa sababu ilikuwa kweli. Fundi anayejua kwamba mlango utauzwa baadaye hujenga ukuta kwa namna nyingine. Na wao walikuwa wameshaanza kujenga hivyo, polepole, bila mtu kuamka asubuhi na kusema leo nitafanya vibaya.

Kikao cha kuamua nyongeza mpya kilikuwa mwanzoni mwa Februari. Pontus, aliyesimamia mchezo wao kwa niaba ya kampuni, alikuja kwa ndege ya asubuhi na boksi la maandazi ya krimu, yale ya msimu ule. Pontus hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hilo lisemwe. Alikumbuka majina ya watoto wa watu. Ndani ya boksi lile kulikuwa na andazi moja lililofungwa peke yake, kwa sababu mwaka uliopita alisikia mmoja wao hawezi kula lozi.

Alieleza mapendekezo matatu ya nyongeza ya majira ya kuchipua. La tatu liliitwa Njia za Barafu: barafu nzuri zaidi ya kutazama, sleji mpya, kulungu wa kuvuta mizigo.

"Na matawi yatahamia humo," Pontus akasema, akigeuza ukurasa. "Wasionunua watabaki na barafu kama ilivyo, ila bila alama. Inawapa sababu ya kununua."

Ragnhild akaliweka andazi lake mezani bila kuliuma.

Katika vikao vya kule hakuna anayepiga meza. Swali huzungushwa, kila mtu kwa zamu yake, na mwishoni mwenye kikao huuliza kama yuko anayepinga. Ukipinga, jina lako huandikwa katika kumbukumbu kwamba hukuwa pamoja na wenzako, na mara nyingi jambo hurudishwa nyuma likapikwa upya. Ni desturi nzuri, imezuia ujinga mwingi. Lakini ina mlango wa nyuma. Watu hawapendi kumwaibisha mgeni mezani, tena mgeni aliyeleta maandazi, kwa hiyo lile linalouma huwekwa likasemwe baadaye, kwa sauti ya chini, mkiwa mmesimama na vikombe.

"Kiufundi inawezekana," alisema Sixten, macho yakiwa kwenye kalamu yake.

"Sina la kuongeza," alisema wa pili.

"Mimi pia," alisema wa tatu.

Ikamfikia Ragnhild. Aliona jiko la Folke, akaona lile daftari. Akafungua mdomo.

"Ninayo mawazo kidogo kuhusu barafu," akasema. "Tutaongea kwenye kahawa."

"Vizuri sana," Pontus akasema, kwa moyo safi. Wa tano naye akatikisa kichwa kukubali. "Basi, yuko anayepinga?"

Nje trekta la kuondoa theluji lilikuwa likirudi nyuma, likilia pii, pii, pii. Ragnhild alitazama andazi lake. Sukari ya unga ilikuwa imeanza kuyeyuka juu yake.

"Basi tumekubaliana," alisema Pontus.

Kahawa ilipomiminwa, Pontus alikuwa kwenye simu. Ragnhild alisimama korido na kikombe mkononi, akimngoja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini kwa Ragnhild mjukuu hakungoja hata babu azeeke. Alikuwa ameshafika, na kahawa bado inatoa moshi.

"Samahani nimekuweka," Pontus akasema alipokata simu. "Ilikuwa barafu, sivyo?"

"Ni yale matawi. Nisingependa yauzwe. Nilimwahidi mtu."

Pontus alikunja uso, na masikitiko yake yalikuwa ya kweli. "Ragnhild, jamani. Ungesema mezani! Nilikuwa na mapendekezo matatu. Angepinga mmoja tu, hili ningeliacha palepale, wala silo nililolipenda zaidi. Sasa nimeshawapelekea Stockholm kumbukumbu. Wale wa matangazo wameanza kazi."

"Umepeleka sasa hivi?"

"Ndiyo ile simu."

Pontus alipoondoka kwenda uwanja wa ndege, Ragnhild alimfuata Sixten chumbani kwake.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Matawi ni yako."

"Na mimi nilikungoja wewe. Wewe ndiye mkuu."

Wakatazamana kama watu wawili walioacha mlango wazi, kila mmoja akidhani mwenzake ataufunga.

Kazi ya kuyaondoa matawi aliifanya mwenyewe. Wenzake walijitolea kumsaidia, akakataa. Juu ya sehemu ile ya programu, miaka kumi na miwili nyuma, alikuwa ameandika mstari mmoja ambao kompyuta haiusomi, unasomwa na watu tu: Kwa Folke na Edvin. Aliuhamisha mstari huo pamoja na mengine yote, ukaingia upande wa kulipia. Alikaa akiutazama. Alifikiri kuufuta, akaona kuufuta ni uongo wa pili.

Majuma sita hakwenda kwa Folke. Haikuwahi kutokea. Folke alipiga simu mara mbili.

"Kazi nyingi, mzee," alisema Ragnhild.

"Haya. Usisahau kula."

Njia za Barafu ikatoka Jumatano ya mwisho wa Machi. Alhamisi, saa tisa alasiri, Ragnhild alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na kila ngazi aliiona ndefu. Alikuwa amejipangia maneno. Folke akafungua mlango akiwa amevaa aproni.

"Umekonda. Ingia, kahawa ipo. Elvy yumo ndani anagombana na barafu."

Elvy hakugeuka kutoka kwenye kompyuta. "Ragnhild, mwanangu, njoo uone ulichonifanyia! Jana nimezamisha farasi sita na mchungaji."

"Mchungaji alikuwa anatafuta nini kwenye sleji ya magogo?" Folke akauliza kutoka jikoni.

"Alikuwa anakwenda kufungisha ndoa! Sasa bibi harusi anangoja kanisani na maua yake, na mchungaji yuko na samaki."

"Umeshamuozesha mara tatu mchungaji huyo. Pengine Mungu amemwonea huruma."

"Kunywa kahawa yako, wewe." Elvy akamgeukia Ragnhild. "Nilifungua nikakuta matawi hayapo. Nikasafisha miwani. Nikatafuta huku, nikatafuta kule. Halafu kikatokea kibao: Unataka kuweka alama za njia? Nunua Njia za Barafu. Mimi niliyetembeza barua miaka thelathini na sita bila kumdai mtu hata senti mlangoni! Nikampigia Folke sakafu yake kwa ufagio."

"Dari yako," alisema Folke.

"Dari yangu ndiyo sakafu yako, tusipoteze muda."

Ragnhild alikuwa bado amevaa koti. "Mzee Folke," akaanza.

"Keti kwanza. Mimi nimeshainunua."

"Umenunua?"

"Mbili. Yangu na ya Elvy." Alileta kikombe na kukiweka mbele yake, jibini likiwa tayari ndani, vipande vinne, kama alivyopenda tangu akiwa msichana. "Nilitazama orodha ya walioitengeneza. Ukisubiri mpaka mwisho inapita. Imeandikwa: barafu, Ragnhild Stenvall. Nikasema, mtoto wa Edvin ametoa kazi mpya, nami nikae na kronor zangu mfukoni? Nizipeleke wapi, kaburini? Nimewaambia na wale wa klabu ya uvuvi wanunue."

Maneno aliyoyapanga Ragnhild yote yakamtoka. Lau Folke angemkaripia, angejua pa kushika. Alitazama vipande vinne vya jibini vikilainika katika kahawa, machozi yakamjaa.

"Mzee, nilikupa neno."

"Nalikumbuka."

"Na bado ukanunua?"

"Nilijua ipo sababu. Nilimwambia Elvy, hao wakubwa wa kusini wamemlazimisha. Amepiga kelele wee, wasimsikie." Akaketi. "Si ndivyo?"

Hapo Ragnhild angeweza kuvuta pumzi fupi, na mambo yangekwisha. Elvy alikuwa ameacha kubonyeza.

"Hapana," akasema. "Sikupiga kelele. Waliuliza kama yuko anayepinga, nikanyamaza. Yule bwana aliniambia baadaye, ningepinga tu, asingeyagusa."

"Ulisema nini hasa?"

"Nilisema tutaongea kwenye kahawa."

Folke akavua miwani. Akaifuta kwa pembe ya aproni, akaivaa, akaivua tena. Sura yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeingia chumba chake mwenyewe akakuta kiti kimehamishwa.

"Kwenye kahawa," akasema. "Edvin hakukusimulia habari ya lori?"

"Lori gani?"

"Basi hakukusimulia. Wewe hukuwa umezaliwa. Alikuja mkubwa mmoja wa kampuni ya mbao, akatazama barafu akasema inabeba lori. Baba yako alikuwa amepima asubuhi, alijua kwenye rasi pana mkondo. Lakini yule bwana alikuwa na koti zuri, na watu wamesimama. Edvin akasema moyoni, nitamwita kando tukinywa kahawa, nisimwaibishe. Tukakaa kunywa. Yule bwana akaishika chupa ya kahawa, anamimina, anasifu. Na lori likaondoka nyuma ya migongo yetu."

"Dereva?" akauliza Elvy.

"Tulimtoa. Alipoteza vidole vya mguu. Lori liko chini mpaka leo." Akamtazama Ragnhild. "Tangu siku ile ndipo baba yako akawa mtu wa makelele."

Ragnhild aliyakumbuka makelele hayo. Edvin dukani, akipinga. Edvin kwenye mkutano wa shule, amesimama peke yake, uso mwekundu, watu wakitazama viatu vyao, na yeye, msichana wa miaka kumi, akitamani sakafu immeze. Alikuwa ameapa kwamba yeye hatakuwa hivyo. Akawa mtu mtulivu, anayependwa vikaoni.

"Mna kikao lini tena?" Folke akauliza.

"Jumatatu. Lakini imeshauzwa, mzee. Hakuna kitakachobadilika."

"Sikuuliza kitabadilika nini. Kunywa, inapoa."

Jumatatu Pontus alikuwapo kwenye skrini, kutoka Stockholm. Ragnhild hakungoja zamu yake. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, kwa sababu hakuwa na mazoea nayo, na masikio yakamwaka moto.

"Nataka iandikwe kwamba napinga matawi kuuzwa. Nilipaswa kusema Februari. Sikusema, na kosa ni langu. Yarudishwe kwa kila mwenye mchezo."

"Ragnhild, nakuelewa," alisema Pontus. "Kweli nakuelewa. Lakini maelfu wameshalipa. Tukiwapa wengine bure, hawa tutawaambia nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Niandike na mimi," Sixten akasema.

Kisha wa pili, kisha wa tatu, na yule asiyekula lozi. Majina matano yakaandikwa, mmoja baada ya mwingine, ya watu watano waliokuwa na wazo moja tangu mwanzo. Kampuni ilijibu baada ya siku mbili. Matawi yatabaki katika nyongeza. Ila kwa ajili ya Pasaka, wachezaji wote watayapata bure kwa siku tatu.

Ragnhild alimpelekea Folke karatasi ya kumbukumbu, chini yake jibu la kampuni. Folke aliisoma yote, hata tarehe. Alipofika kwenye Pasaka alicheka mpaka akakohoa.

"Siku tatu! Na wa siku ya nne azame?"

"Nimechelewa, mzee."

"Umechelewa," alisema Folke. Hakumwambia si kitu, na Ragnhild alimshukuru kwa hilo. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye droo alimokuwa na mtaimbo mfupi wa Edvin wa kupimia barafu, umefungwa katika gunia. Mkono wake ukabaki juu ya gunia.

"Kesho huna kazi?"

"Ni Jumamosi."

"Manispaa wamefunga njia ya magari ya juu ya barafu, wameondoa na alama zao. Jua limeanza kuila barafu ya rasini. Lakini watu bado wanavuka kwa miguu, si unawajua. Mimi magoti hayafiki tena. Ukinisukuma, nitakuonyesha."

Walitoka asubuhi, baridi ya digrii sita chini ya sifuri, ghuba yote nyeupe na kimya. Folke aliketi kwenye kiti chake cha kuteleza, chenye vyuma viwili virefu chini, mapajani amekumbatia misonobari midogo kama mtu aliyebeba watoto wa wenzake. Ragnhild alisukuma. Kila hatua arobaini alisimama, akatoboa, akapanda, akamwaga maji ya chupa, akangoja. Folke alihesabu hatua kwa sauti na kumlaumu kila alipozidisha.

"Hizo arobaini na tatu! Miguu ya Edvin ilikuwa mifupi, hukurithi?"

Upande wa pili wa ghuba walionekana watu wanakuja kutoka kisiwani: mwanamke mwenye kijisleji anachovuta kwa kamba, mtoto amekaa ndani amefunikwa, na mzee mmoja nyuma yao. Walikuwa wakizielekea alama zilizokwisha kupandwa. Karibu na rasi Folke akainua mkono.

"Hapa. Hapa ndipo. Panda mawili karibu karibu, hapo kwenye rangi ya kijivu."

Ragnhild akatazama mapajani mwa Folke. Lilikuwa limebaki tawi moja.

"Nilikata thelathini," Folke akasema polepole. "Nilihesabu vibaya. Ama uzee, ama Elvy alikuwa anaongea."

Tawi moja lina maana ya pita. Ragnhild alilishika, akawatazama wale watu, ambao sasa walikuwa hatua mia moja na zaidi, wameinamisha vichwa kwa sababu ya upepo. Alitoboa pembeni, palipokuwa pagumu, akalipanda. Kisha akasimama mwenyewe kando yake, karibu karibu, mikono ameitanua.

"Msipite hapa!" akapiga kelele. Ile sauti kubwa tena, isiyo na mazoea. "Zungukeni! Pitieni huku, karibu na mzee!"

Mwanamke akainua uso, akamwona, akageuza kamba. Wakapita mbali, mmoja mmoja. Mtoto aliyekuwa kwenye sleji alimpungia mkono, na Ragnhild, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imetanuka, alimjibu kwa kutikisa vidole tu.

"Wameshapita, binti yangu," Folke akamwita. "Njoo tukakate jingine."

Ragnhild akatazama nyuma, kuelekea kisiwani, kama kuna mwingine anayekuja.

"Nenda wewe umwite Elvy alilete," akasema. "Mimi nitasimama kidogo."

"Niende na magoti haya?"

"Basi piga simu."

Folke akavuta pumzi fupi kwa midomo iliyobanwa, akaanza kupapasa mifuko yake akitafuta simu.